Maji Ukiyavulia Nguo, Bado Unaweza Kuyaacha

Huku nchi kavu, ukimwonyesha mtu dole gumba umemwambia mambo ni fiti. Umekubali, umependa, umegonga like. Chini ya maji maana yake ni nyingine kabisa. Mpiga mbizi akikuonyesha dole gumba anakuambia: tumemaliza, tunapanda juu, sasa hivi. Na kwa wapiga mbizi wa kiufundi, yaani wale wanaoshuka kupita kina cha watalii au kuingia mapango ambayo juu yake ni mwamba mtupu, ishara hiyo haina mjadala. Haijalishi imetolewa na mkongwe aliyeshuka mara elfu moja au mwanafunzi wa juzi. Hakuna kuuliza "kwani kuna nini?" Wote wanageuka. Maswali ni ya baadaye, mkiwa mmeketi, mkiwa hai.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo stadi yenye thamani kuliko zote wanazofunzwa, na nataka tuilete Olkaria.

Najua unachosema. Olkaria na kupiga mbizi wapi na wapi? Bahari iko mbali, huku ni mvuke, mabomba na twiga. Lakini tulia kidogo. Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, jirani kabisa na visima vya mvuke vya Olkaria, lilichongwa na maji. Zama za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili la leo, na maji yake yalitokea huku upande wa kusini. Ziwa likapungua, maji yakaenda zake, njia yake ikabaki. Njia hiyo ndiyo tunayoshukia wikendi tukiwa na chupa ya maji, kofia na simu ya kupigia picha.

Na maji huwa hayasahau njia yake. Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini walisombwa na mafuriko ya ghafla humo korongoni wakafariki. Septemba 1, 2019, siku ya Jumapili, watu 7 wakafa tena kwa namna ile ile, akiwamo mwongozaji wa watalii. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalazimika kufunga korongo. Watu saba, miaka saba ikapita, watu saba tena.

Siandiki haya kuwalaumu marehemu. Korongo linadanganya yeyote. Mvua inaweza kunyesha mlimani mbali na ulipo, huku wewe chini umepigwa na jua na unajipaka losheni. Udongo wa majivu ya volkano ukishiba, maji yanateremka kila upande yakitafuta pa kupita, na kuna pa kupita pamoja tu: hapo uliposimama, katikati ya kuta mbili ambazo sehemu nyingine ukinyoosha mikono unazigusa zote. Ukisikia ngurumo ya maji yenyewe, muda wa kupanga umeshaisha. Kilichobaki ni kile ulichokuwa umepanga mapema.

Hapa ndipo wapiga mbizi wa kiufundi wanapoanza kutufaa.

Kenya iliwahi kupata somo lao hadharani, na ilikuwa mwezi ule ule. Septemba 29, 2019, wiki nne tu baada ya mkasa wa Hell's Gate, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni likazama na mama na bintiye. Halikutolewa hadi Oktoba 11. Nchi nzima tulikuwa kwenye simu tukiuliza: mbona hawashuki tu wawatoe? Gari lilikuwa kwenye kina cha takriban mita 58. Mafunzo ya kawaida ya kupiga mbizi kwa burudani yanaishia mita 40. Kuanzia kama mita 30, naitrojeni iliyo katika hewa ya kawaida huanza kumlewesha mtu, anacheka ovyo au anasahau alichotumwa. Na hawezi kuchomoka juu mara moja, kwa sababu gesi iliyoyeyuka mwilini hufanya kama soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa. Lazima apande kwa vituo, akisubiri dakika kadhaa kila kituo.

Halafu piga hesabu ya hewa. Mtungi wa kawaida una hewa kama lita 2,400. Juu ya maji, mtu anayetumia lita 20 kwa dakika angekaa nao saa mbili. Kwenye mita 58, mgandamizo ni karibu mara 7 ya huku juu, kwa hivyo kila pumzi inakula karibu mara 7. Zile saa mbili zinageuka dakika 17 hivi, na bado hujarudi. Ndiyo maana wanaofika huko hubeba mitungi kadhaa na michanganyiko maalumu yenye heliamu. Ndiyo maana pia kabla ya kuingia majini wanaandika mpango wa kurudi kwanza, ndipo wapange wa kwenda. Sisi mpango wetu huwa wa kwenda tu. Wa kurudi tunamwachia Mungu na dereva wa mat.

Wapiga mbizi wa mapangoni wana kanuni inayoitwa ya thuluthi. Unagawa hewa yako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kwenda. La pili ni la kurudi. La tatu si lako kabisa: ni la mwenzako, siku mtungi wake utakapokorofisha mkiwa mbali zaidi ndani. Sindano ikifika kwenye alama unageuka, hata kama pango zuri liko mita tano mbele. Kanuni hii haikutungwa na mtu ofisini. Mwaka wa 1979 Mmarekani Sheck Exley, mwalimu wa shule na mpiga mbizi hodari, alichapisha kijitabu alichokiandika baada ya kuchambua vifo vya wenzake mapangoni, kimoja kimoja. Aliona wengi walikuwa wameacha mambo machache yale yale: kamba ya kuwaongoza kutoka nje, akiba ya hewa ya kurudia, na kikomo cha kina. Kila kanuni ina makaburi nyuma yake. Exley mwenyewe alikufa Aprili 1994 akijaribu kufika chini kabisa ya shimo la maji la Zacatón, Meksiko. Hakuna aliye mkongwe mbele ya maji.

Sasa ona jinsi wanavyofunzwa, kwa sababu hapo ndipo thamani ilipo. Kuna zoezi la kufunga valvu zilizo nyuma ya shingo. Mwanafunzi hazioni. Lazima apeleke mkono nyuma, ajue ipi ni ipi, afunge, abadilishe kile cha kupumulia, afungue, huku akielea pale pale bila kupanda wala kushuka. Anarudia hadi anachoka, halafu anarudia akiwa amevuliwa miwani ya maji. Kuna zoezi la kugawana hewa: mwenzako akikupa ishara kwamba ameishiwa, unamkabidhi kile ulicho nacho mdomoni, kisha wewe unachukua cha akiba. Kwa nini umpe cha mdomoni? Kwa sababu hicho una hakika kinafanya kazi, umetoka kukitumia sasa hivi. Mtu aliyeishiwa hewa hana muda wa kujaribu.

Kuna wanaoyaona mazoezi haya ni kupoteza wakati. Valvu yenyewe huenda usiifunge kwa dharura maisha yako yote. Mbona ulipie siku nzima kujifunza jambo ambalo pengine halitatokea? Jibu langu ni kwamba zoezi halifunzi valvu peke yake. Linafunza mwili kutulia. Hofu ikiingia, kichwa kinaganda, na kinachobaki ni kile mikono ilichozoea. Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo vyeti siviabudu. Lakini hapa hata mwenye vyeti atakubaliana nami. Karatasi inasema ulihudhuria. Mikono ndiyo inayosema kama unajua.

Na usidhani stadi hizi ni za majini tu. Kifaa cha kupumulia majini na kile cha kupumulia kwenye gesi ni ndugu wa damu. Mwaka wa 1880, handaki la reli chini ya mto Severn, Uingereza, lilikuwa limejaa maji. Mpiga mbizi Alexander Lambert alishindwa kufika ndani kwa sababu bomba lake la hewa la kutoka juu lilikuwa zito mno kuburuta. Akarudi na kifaa kipya cha kubeba mgongoni, kilichobuniwa na Henry Fleuss, akaingia gizani peke yake kufunga mlango wa chuma. Mwaka huo huo kifaa cha Fleuss kikatumika kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Seaham uliokuwa umelipuka. Kifaa kimoja kilifaa kwenye maji na kwenye moshi, kwa sababu kifo nacho ni kimoja: kuvuta pumzi na kukosa hewa.

Olkaria tunaishi jirani na gesi. Mvuke wa ardhini, uliotupa umeme tangu mtambo wa kwanza ulipowashwa mwaka wa 1981, hutoka pamoja na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hujikusanya mashimoni na sehemu za chini. Ujanja wake mbaya ni huu: ikizidi, inaua pua. Unaacha kuinusa na unadhani imeisha, kumbe ndiyo imekuzidi. Wanaofanya kazi na mvuke kwa taratibu nzuri hupewa vipima gesi, hufunzwa kuvaa mitungi ya hewa, na hutembea wawili wawili.

Tatizo ni kwamba gesi hiyo hiyo iko pia mitaani kwetu, kwenye mashimo ya maji taka, na huko hakuna kipima gesi wala mtungi. Kuna kijana wa kibarua na kamba. Habari zake tumezisoma mara nyingi mno: mmoja ameshuka, amenyamaza. Wa pili, rafiki yake, ameshuka kumtoa. Wa tatu ni ndugu yao. Sio ujinga huo, ni upendo. Lakini ni upendo usio na stadi, na shimo halijali. Mpiga mbizi anafunzwa kwamba mwokoaji asiye na hewa ya akiba si mwokoaji, ni mtu wa pili wa kuokolewa. Thuluthi ya tatu ndiyo inayokupa ruhusa ya kuokoa. Kama huna, kazi yako ni kubaki juu, kupiga kelele, kuita wenye vifaa, na kumshika anayetaka kuruka. Kumshika rafiki asimfuate rafiki ni jambo gumu sana. Ndiyo maana linahitaji kuamuliwa kabla.

Turudi korongoni. Waswahili walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Msemo mzuri kwa mtu mvivu aliyeanza biashara. Kwa mtu aliye ukingoni mwa Ol Njorowa na wingu limeanza kutanda upande wa mlima, msemo huo unaua. Hebu fikiria jinsi inavyokwenda. Mbogi imechangisha pesa wiki tatu. Mat imekodishwa. Gate mmelipa, baiskeli mmekodi, mwongozaji mmemlipa. Halafu dada mmoja, labda mgeni kwenye kundi, anatazama juu na kusema, "Aki mimi naona kama mvua inakuja." Nini kinafuata? Kicheko. "Wewe ni muoga." "Tumetoka Nairobi yote hii?" "Ni dakika ishirini tu." Dada ananyamaza, anafuata wenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni vile tu kwenye kundi, kugeuka kunahitaji ujasiri kuliko kuendelea.

Wapiga mbizi wa kiufundi waliona tatizo hilo, wakalitatua kwa kuondoa ujasiri kwenye hesabu. Dole gumba halihitaji sababu. Huhitaji kuwa na hakika, wala kuthibitisha. Ukihisi vibaya tu, safari imekwisha, na hakuna atakayekununia wala kukukumbusha mwaka ujao. Kwa sheria hiyo, mtu mwoga kuliko wote anakuwa kipima hatari cha kundi zima. Sisi tunamcheka, wao wanamtumia.

Utaniambia vijana wa Kenya hawawezi kufanya hivyo, hapa kwetu anayelalamika anaambiwa ashuke. Nina ushahidi kwamba wanaweza. Zaidi ya miaka 15 iliyopita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu zikiwahimiza abiria wamwambie dereva apunguze mwendo. Stika tu, karatasi ya gundi. Katika matatu zilizowekewa, madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili. Baadaye ndipo ikaja kampeni tunayoijua kwa jina la Zusha! Abiria walikuwa wakiogopa tangu zamani. Stika haikuwaongezea macho. Iliwapa ruhusa, na ikamwonyesha kila mmoja kwamba jirani yake pia ameisoma.

Kuna pingamizi lingine, na hili nalipa heshima: kwamba usalama wa korongo ni kazi ya wenye mbuga na serikali, si ya mtalii aliyelipa kiingilio. Kweli. Tunastahili vipima mvua mlimani, king'ora, ngazi za kutokea zinazokaguliwa, na korongo kufungwa bila aibu siku anga ikibadilika. Tuyadai hayo kila mwaka, sio wiki ya mazishi peke yake. Lakini king'ora kikilia, bado lazima kuwe na kundi linalojua kugeuka. Onyo hutolewa na mashine. Miguu inayogeuka ni yako.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Kwanza, kabla ya kushuka, kundi lisimame dakika tano ukingoni na kukubaliana saa ya kugeuka. Sio "tukichoka". Saa. Ikifika, mnageuka hata kama chemchemi ya maji moto iko kona inayofuata.

Pili, mkubaliane kuhusu dole gumba. Yeyote, wakati wowote, bila sababu. Na mlifanyie zoezi: mtu alionyeshe dakika kumi baada ya kuanza, mgeuke kweli, mtembee hatua hamsini mkirudi, ndipo muendelee. Mtacheka. Sawa, chekeni. Mwili utakuwa umejifunza kwamba kugeuka kunawezekana na dunia haiishi.

Tatu, mwongozaji alipwe yote hata mkigeuka nusu ya njia, na aambiwe hivyo mapema mbele ya wote. Waongozaji wetu ni vijana kama sisi, wanaitegemea siku hiyo kwa unga na kodi. Anazijua dalili za korongo kuliko ninyi nyote. Msimweke mahali ambapo kusema ukweli ni kupoteza chakula cha jioni.

Nne, kwa vyuo vya kiufundi na vikundi vya vijana Nakuru, Gilgil na Naivasha: mafunzo ya usalama yasiishie kwenye slaidi na chai ya saa nne. Wafungeni watu macho watafute mlango. Wafundisheni vibarua wa mashimo kusema hapana wakiwa wameshikana mikono. Rudieni hadi ichoshe. Ikichosha ndiyo inaanza kuingia.

Kuna watakaosema kundi linalogeuka kila mara halitafika popote. Waulize wapiga mbizi. Anayegeuka kwenye thuluthi anarudi juu, anajaza mitungi, na wiki ijayo anaingia tena pango lile lile, akifika mbali kidogo kuliko jana. Korongo limekuwa pale tangu ziwa lilipopungua, na Jumamosi ijayo litakuwepo. Kazi yetu ni kuhakikisha na sisi tutakuwepo.

Wikendi hii ukishuka na wenzako, mtu akinyoosha dole gumba akiwa anatazama mlimani, usimgongee like. Mfuate.